Daftari moja la mwili na biashara: namna ya kufuatilia vitu vidogo vya kila siku mpaka lengo la mwaka lifike

Malengo ya mwaka watu wanayo mengi tu. Chukua simu ya mtu yeyote fungua sehemu ya noti utakuta "kupunguza kitambi, kufungua fremu, kusevu", kaandika Januari na tangu hapo hajarudi kuangalia. Sio uvivu kama wanavyotusimanga, ni kwamba lengo liko mbali huko Desemba afu siku yako inaanza leo saa kumi na moja alfajiri na mambo yake kibao, na katikati hapo hakuna kitu kinachokuonesha kama unasogea au umesimama palepale. Hicho kitu ndo nataka tukitengeneze, na namlenga mtu wa kawaida mwenye biashara ndogo na mwili unaodai matengenezo, sio mwenye kocha na mhasibu wake.

Na mwili na biashara naviweka ukurasa mmoja makusudi kabisa. Mtu mwenye duka dogo au anayeuza mtandaoni biashara ni yeye mwenyewe, akilala saa saba usiku kesho yake wateja hawajibiwi, akikosa pesa anakula hovyo na mazoezi hayaoni. Ukiweka madaftari mawili hutaona hata siku moja kwamba hivi vitu vinashikana.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho. Tuseme kuna dada anakaa Mbagala, anauza madera kwa WhatsApp na Instagram, mzigo anachukua Kariakoo. Anataka vitu viwili ndani ya mwaka, apate fremu yake ya duka aache kuuzia chumbani, na akimbie zile kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ambayo hufanyika mwishoni mwa Februari. Hajawahi kukimbia tangu mchakamchaka wa shule.

Anza kwa kulivunja lengo mpaka liwe kitu cha leo

Fremu kwanza. "Nataka fremu" hio huwezi kuifanya leo, ni ndoto. Weka namba. Kodi tuseme laki tatu kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo, hio milioni moja na laki nane. Rafu, kioo, midoli ya kuvalisha nguo, rangi, weka laki sita. Jumla milioni mbili na laki nne. Akifanya kazi siku sita kwa wiki, kwa wiki hamsini anapata siku 300, kwa hio anatakiwa kuweka pembeni 8,000 kila siku ya kazi. Tayari lengo limeshuka kutoka mbinguni, sasa linaongea lugha ya leo jioni.

Ila usiishie hapo, maana hio 8,000 nayo ni matokeo, huwezi kuiamrisha ije. Shuka ngazi nyingine. Dera ananunua jumla 12,000 anauza 18,000, akitoa mfuko, bando na nauli ya kufata mzigo anabaki na kama 4,000. Akiuza madera sita kwa siku ana 24,000, elfu nane kibubuni na elfu kumi na sita ya kuishi. Madera sita yanatoka wapi? Kama kila watu kumi wanaoulizia bei watatu ndo wananunua, anahitaji waulizaji ishirini. Na waulizaji wanatoka wapi, wanatoka kwenye posti za asubuhi na kwenye kuwatumia meseji wateja wa zamani kwamba mzigo mpya umeingia. Haya sasa hapo tumefika chini kabisa: meseji 15 kwa wateja wa zamani kila siku. Hicho ndo kitu cha kufatilia, kwa sababu mteja anaweza kukataa kununua lakini hakuna mtu anaweza kukuzuia wewe kutuma meseji.

Kwenye mwili ni vilevile. Kilomita 21 ni matokeo, kilo zilizopungua ni matokeo, kitambi kuisha ni matokeo. Cha kwako wewe ni dakika ulizotoka nje na saa uliyopanda kitandani, basi. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kwa wiki, na mazoezi ya kukaza misuli siku mbili juu yake, kwa hio kwa mtu anayeanza hio 150 ni lengo zuri la wiki, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Kwa kilomita 21 itabidi aende mbele zaidi ya hapo taratibu, lakini hakuna haja ya kuwaza kilomita 21 mwezi wa kwanza.

Kuhusu hatua 10,000 ambazo kila simu inakusumbua nazo, usizifanye dini. Hio namba ilianzia Japani 1965, kampuni moja ilikuwa inauza kifaa cha kuhesabu hatua, ikawa namba nzuri ya kuuzia. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2019 uliofatilia wanawake wazee, wastani miaka 72, ulikuta hata waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko waliokaa kwenye 2,700, na faida ilipanda mpaka kwenye kama 7,500 hivi kisha ikatulia. Kwa hio mama ntilie anayezunguka tangu alfajiri asijione hana mazoezi eti kwa sababu hana saa ya kidijitali mkononi.

Vitu vitano, visizidi

Hapa ndo wengi wanapoharibu. Siku ya kwanza mtu ana moto, anaandika maji lita tatu, kusoma kurasa kumi, kuomba, kutafakari, kuacha sukari, kupiga pushapu, kupost mara tatu, orodha ina mistari kumi na nane. Wiki ya pili daftari linamuangalia kwa jicho baya. Mi nasema vitano na hata vitatu vinatosha. Dada yetu wa madera ana hivi:

saa aliyolala
dakika za mazoezi
meseji kwa wateja wa zamani
walioulizia na walionunua
pesa iliyoingia kibubu

Cha nne na cha tano ni matokeo, najua, nimeviacha makusudi kwa sababu inabidi uone kama meseji zinazaa kitu. Lakini angalau vitatu kati ya vitano viwe vitu ambavyo viko mikononi mwako kabisa.

Mizani je? Mizani mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya chai na baada ya kutoka chooni. Kila siku usipande, uzito unapanda na kushuka hata kilo moja na zaidi kwa maji tu na chumvi ya chipsi za jana, utaishia kununa bure. Kama kitambi ndo shida yako chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha tumboni mwisho wa mwezi, andika. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mwanaume akivuka sentimita 94 na mwanamke akivuka 80 hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda. Tepu haidanganyi kama kioo cha bafuni.

Daftari au simu

Mimi ni mtu wa daftari, kaunta buku ile ngumu na peni imefungwa kwa uzi. Sababu sio kwamba simu ni mbaya, ni kwamba ukifungua simu kuandika dakika zako za mazoezi unakutana na meseji ya mteja, afu stetasi ya mtu, afu video ya mtu anakaanga samaki, unakuja kushtuka nusu saa imeenda na hujaandika kitu. Eliud Kipchoge, yule Mkenya aliyekimbia marathon ya Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, anajulikana kwa kuandika mazoezi yake kwa mkono kwenye madaftari miaka nenda rudi, na hakuna saa ya gharama asiyoweza kuipata.

Kama lakini we ni mtu wa kusahau daftari kila unapokwenda basi tumia simu tu, ila chagua kitu kisicho na makeke. Loop Habit Tracker ya Android ni ya bure na haihitaji bando kufanya kazi, inaweka tiki basi. Au jitumie meseji mwenyewe WhatsApp kila jioni, mstari mmoja. Usilipie kitu mpaka umekaa miezi mitatu, tafadhali.

Lini unaandika

Usiseme "jioni nitaandika", jioni ni ndefu sana. Ning'iniza kuandika kwenye kitu ambacho unakifanya kila siku hata ukiwa umechoka: ukishaweka simu chaji, ukishamaliza swala ya Isha, ukishafunga mlango wa duka. Daftari likae palepale. Dada wa madera daftari lake liko juu ya chaja, haiwezekani achomeke simu bila kulishika.

Tofauti iko kwenye pesa. Pesa usisubiri usiku, andika pesa inapoingia na inapotoka, kwa sababu mpaka usiku ile elfu tano uliyomnunulia mtoto dawa imeshajichanganya na hela ya mzigo na hakuna anayekumbuka. Hapo ndo mitaji inapoliwa, sio kwenye hasara kubwa, ni elfu mbili mbili za nyumbani zilizochomolewa kwenye pochi ya biashara bila jina. Ukichomoa andika "nyumbani 2,000", hakuna aibu. Na wale wa "niwekee dada mwisho wa mwezi nalipa" wapewe ukurasa wao wa nyuma, jina, kiasi, tarehe aliyoahidi. Deni sio mauzo, usije ukalijumlisha kwenye walionunua ukajiona tajiri.

Ukurasa wenyewe unavyokaa

Hii ni wiki moja ya mfano. Saa ya kulala ni ya usiku wa kuamkia siku hio.

Jumatatu: kulala 4:30, mazoezi dk 30, meseji 15, walioulizia 21, walionunua 6, kibubu 8,000
Jumanne: kulala 4:45, dk 20, meseji 15, walioulizia 18, walionunua 5, kibubu 8,000
Jumatano: kulala 6:40, dk 0, meseji 3, walioulizia 7, walionunua 2, kibubu 0
Alhamisi: kulala 6:10, dk 0, meseji 5, walioulizia 9, walionunua 3, kibubu 2,000
Ijumaa: kulala 4:30, dk 30, meseji 15, walioulizia 20, walionunua 6, kibubu 8,000
Jumamosi: kulala 5:00, dk 45, meseji 10, walioulizia 24, walionunua 8, kibubu 15,000

Jumapili anakaa na chai yake dakika ishirini, anajumlisha. Mazoezi dakika 125, zimepungua 25 kufika 150. Kibubu 41,000 badala ya 48,000. Walioulizia 99, walionunua 30, kwa hio ile hesabu ya watatu kwa kumi iko sawasawa, bei yake sio tatizo na madera yake sio tatizo. Tatizo liko wapi? Jumatano na Alhamisi. Angalia meseji zilivyoanguka, 3 na 5, na waulizaji wakaanguka nazo palepale. Na angalia saa za kulala.

Sasa mtu asiye na daftari angesema "wiki hii biashara ilikuwa ngumu, watu hawana hela". Mwenye daftari anaona kwamba Jumanne usiku alikuwa anapaki oda mpaka saa sita na zaidi kwa sababu Jumatano alfajiri anaenda Kariakoo na anataka apitishe mizigo kwenye mabasi hukohuko, anarudi saa nane mchana amekufa, hatumi meseji, hakimbii, jioni ndo anaanza kujibu watu mpaka usiku tena, na Alhamisi inakufa pia. Siku mbili zimeliwa na usiku mmoja.

Dawa yake sio "nijitahidi zaidi", hilo neno kwenye mapitio ya Jumapili lifutwe kabisa. Dawa ni kubadilisha mpangilio: Jumanne mwisho wa kupokea oda saa mbili usiku, anayechelewa ataenda na Ijumaa. Meseji 15 za Jumatano zinaandikwa Jumanne mchana, asubuhi akiwa kwenye daladala anazituma tu. Na mazoezi ya Jumatano yasitafutwe, kuzunguka Kariakoo kwa mwendo wa haraka tangu mtaa wa Msimbazi mpaka mtaa wa Congo kwa dakika 30 hayo ni mazoezi, ayaandike. Hapo 125 inakuwa 155 bila kuongeza hata saa moja kwenye wiki yake. Unabadilisha kitu kimoja au viwili kwa wiki sio zaidi, ili Jumapili ijayo ujue kipi kimesaidia.

Siku hio hio ya Jumapili vuta taarifa ya miamala ya simu yako uilinganishe na daftari. Ukikuta daftari linasema mauzo laki tano na simu inasema laki nne na nusu, basi tafuta hio hamsini kabla haijapoa, labda ni keshi, labda ni deni ulilolihesabu, labda kuna mtu alikuonesha meseji ya uongo ya muamala na ukampa dera. Hio inatokea sana.

Ukikosa siku

Utakosa. Mtoto ataugua, mvua ya Aprili itajaza maji barabara, umeme utakatika. Kuna utafiti wa University College London walifatilia watu 96 waone tabia mpya inachukua muda gani mpaka inajiendesha yenyewe, wastani ulitoka siku 66, lakini mmoja siku 18 na mwingine makadirio yalifika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwa hio zile habari kwamba tabia inajengeka kwa siku 21 achana nazo, na usijilinganishe na rafiki yako aliyezoea ndani ya mwezi.

Siku mbaya iwe na kipimo chake kidogo, kipange mapema kabla haijafika: dakika 10 za kutembea mpaka dukani na kurudi, meseji 3, kibubu 500. Siku mbaya ukifanya hicho kidogo unaandika namba hio ndogo vilevile ilivyo. Na sifuri ni sifuri, iandike, usiache nafasi wazi maana nafasi wazi baadae utaijaza kwa kumbukumbu ya kujipendelea. Tiki ya uongo haimdhuru mtu mwingine yeyote, ila Jumapili itakupa jibu la uongo na utarekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Kama unajijua ni mtu wa kujidanganya tafuta mwenzako, wa kikoba chenu au jirani mnayekimbia naye, mtumiane picha ya ukurasa kila Jumapili. Mmoja anatosha. Kundi la watu hamsini litakuwa la vichekesho na salamu za asubuhi ndani ya wiki mbili.

Kupandisha kiwango

Usipandishe chochote kabla ya wiki nne. Baada ya hapo kwenye kukimbia anza na siku moja ndefu kwa wiki, hio ndo inakupeleka kwenye 21, nyingine ziache fupi. Kwa wa Mbagala kuja Daraja la Tanzanite ni safari, ila Jumamosi moja moja inafaa, daraja lenyewe ni kama kilomita moja hivi, kwenda na kurudi mbili, unajua umekimbia ngapi bila simu. Ongeza kidogo kidogo, na kila baada ya wiki tatu za kupanda weka moja ya kushuka. Na Moshi sio tambarare, njia inapanda kuelekea Mweka, kwa hio miezi ya mwisho tafuta kilima chochote uandike na mara ulizokipanda. Goti likiuma siku mbili mfululizo andika "goti" pembeni ya dakika, likitokea tena wiki inayofata nenda kaonwe hospitali.

Ramadhani kwa wanaofunga badilisha saa, usibadilishe daftari. Dakika 20 za kutembea kabla ya futari au baada ya tarawehe zinatosha kushikilia uzi, na biashara ya madera mwezi ule ndo inachangamka kuelekea Idi, meseji zinaweza kupanda mpaka 30. Kulala kutavurugika, andika tu usijihukumu.

Baada ya miezi mitatu pitia vile vitu vitano. Kile ambacho unakifanya bila kukumbushwa kitoe, nafasi yake ingiza kingine, mfano soda au kula baada ya saa mbili usiku. Madaftari yaliyoisha usitupe. Kwa TRA, wale wa kodi, mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio mwenye kumbukumbu za mauzo anahesabiwa tofauti na asiye nazo, na taasisi ya mikopo ikikuuliza unauza kiasi gani kwa wiki utakuwa na ukurasa wa kuonesha.

Na siku dada yetu akikabidhiwa funguo za fremu, mstari wa meseji unabaki ila unaongezewa mwenzake: walioingia mlangoni na walionunua. Kama mtandaoni walikuwa watatu kwa kumi na dukani ni mmoja kwa kumi, aanze kuangalia taa, kioo cha kujaribia na bei zilizobandikwa, kabla hajamlaumu mwenye nyumba kwa eneo.